VIJIDUDU SUGU: DAWA MPYA ZITATOKA WAPI?



  



Wazazi wetu wengi hapa Same wanaikumbuka klorokwini. Ilikuwa chungu, na baadhi ya watu iliwawasha mwili mzima, lakini ilitibu malaria. Ukafika wakati haitibu tena. Mwaka 2001 Serikali ikaiweka kando na kuleta SP kuwa dawa ya kwanza ya malaria. SP nayo haikudumu, na kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006 ikaanza kuingia dawa ya mseto tunayoitumia hivi sasa. Klorokwini haikuharibikia kiwandani. Kilichobadilika ni kimelea cha malaria.

Malaria hailetwi na bakteria, huletwa na kimelea cha aina nyingine. Hata hivyo kanuni ni ile ile, na kwa upande wa bakteria hali inatisha zaidi. Madaktari katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili walifuatilia watoto 1,828 waliolazwa kati ya mwaka 2001 na 2002 wakiwa na dalili za maambukizi ya mwili mzima. Miongoni mwa watoto waliokutwa na malaria, asilimia 20.2 walifariki. Miongoni mwa wale ambao damu yao ilikutwa na bakteria wa kundi liitwalo gramu hasi, asilimia 43.5 walifariki. Yaani zaidi ya mara mbili. Na walipochunguza sababu, usugu wa bakteria kwa dawa aliyopewa mtoto ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyoashiria kifo. Sisi sote tunaiogopa malaria, na ni sawa kuiogopa, lakini ni wangapi kati yetu wanaowaogopa bakteria hawa?

Kwa dunia nzima, hesabu iliyotolewa mwaka 2022 inaonyesha kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 walifariki kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria wasiosikia dawa. Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi ukilinganisha na idadi ya watu wake.

KIJIDUDU SUGU NI KIPI?

Kwanza tuondoe kosa moja ambalo limeenea mno. Utasikia mtu anasema, "Mimi mwili wangu umeshaizoea amoksilini, hainifanyi kitu." Mwili hauizoei dawa ya kuua bakteria. Bakteria ndio wanaokuwa sugu. Tofauti hii si ya maneno tu. Kama ni mwili wako uliozoea, basi hasara ni yako peke yako. Lakini kama ni bakteria, basi anaweza kutoka kwako akaenda kwa mdogo wako, kwa bibi yako, au kwa mtoto mchanga wa jirani ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja, akafika huko akiwa tayari ni sugu.

Bakteria ni kiumbe wa seli moja. Wengi hawana madhara, na Allah (S.W.) amewajaalia baadhi yao kutusaidia tumboni kusaga chakula. Wakipata joto na chakula cha kutosha, baadhi yao hugawanyika kila baada ya dakika 20: mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne. Wanafunzi wa hesabu wachukue kalamu. Saa 10 zina migawanyiko 30. Ukianza na bakteria mmoja jioni, alfajiri unao 1,073,741,824. Katika kunakili mara zote hizo, makosa madogo madogo hutokea katika maandishi ya urithi ya kiumbe yule. Makosa mengi hayana faida yoyote. Lakini mara moja moja kosa humfanya bakteria mmoja astahimili dawa. Dawa ikija, wenziwe wanakufa na yeye anabaki na uwanja mzima peke yake.

Njia anazotumia ni za kustaajabisha. Wapo wanaotengeneza kimeng'enya cha kuikata dawa vipande kabla haijafanya kazi. Wapo wenye pampu ya kuitapika nje. Wapo wanaobadilisha ile sehemu ambayo dawa hushikia, mithili ya mtu aliyebadilisha kitasa cha mlango, ufunguo wako ukawa hauna kazi. Na lililo baya kuliko yote, bakteria mmoja anaweza kumpa mwingine maandishi ya usugu, hata akiwa wa ukoo mwingine, kama mwanafunzi anayempitishia mwenzake majibu chini ya dawati.

UKUNGU, UDONGO NA RANGI ZA NGUO

Dawa za kuua bakteria, ambazo kwa Kiswahili cha vitabuni huitwa viuavijasumu na madukani huitwa antibayotiki, zimetoka katika mikondo miwili. Mkondo wa kwanza ni vitu vya asili, na wa pili ni vitu vilivyoundwa na wanakemia.

Mkondo wa asili watu wengi wanaujua kwa kisa cha Alexander Fleming. Mwaka 1928 huko London alirudi kutoka likizo akakuta sahani yake ya bakteria imeota ukungu, na pembeni ya ukungu ule bakteria wametoweka. Dutu iliyotoka katika ukungu ule ndiyo penisilini. Wengi huishia hapo, kana kwamba dawa ilipatikana siku hiyo hiyo. Ukweli ni kuwa Fleming hakuweza kuitoa penisilini kwa wingi wala kwa usafi. Ilichukua zaidi ya miaka kumi, mpaka Howard Florey, Ernst Chain na wenzao wa Oxford walipoifanya dawa kweli na kumpa mgonjwa wa kwanza mwaka 1941. Mgonjwa huyo, askari polisi, alianza kupata nafuu, dawa ikaisha, akafariki. Walifikia hatua ya kuichuja penisilini kutoka katika mkojo wake ili wamrudishie! Fleming, Florey na Chain walipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1945, Fleming alitumia hotuba yake kuonya kwamba anayetumia penisilini kidogo kuliko inavyotakiwa atawafundisha bakteria kuistahimili. Onyo hilo lilitolewa kabla wazazi wetu wengi hawajazaliwa.

Baada ya ukungu ukafuata udongo. Nyote mnaijua ile harufu inayopanda hapa Same mvua ya vuli inapogusa vumbi baada ya kiangazi kirefu. Sehemu kubwa ya harufu hiyo hutokana na bakteria wa udongoni, hasa wa jamii iitwayo Streptomyces. Hao hao ndio kiwanda kikubwa kabisa cha antibayotiki duniani. Mwaka 1943 nchini Marekani, katika maabara ya Selman Waksman, kijana Albert Schatz alipata streptomaisini kutoka kwa bakteria wa udongo, dawa ya kwanza ya antibayotiki iliyoweza kumkabili mdudu wa kifua kikuu. Erithromaisini ilitoka katika udongo wa Ufilipino, vankomaisini katika udongo wa Borneo, na mama wa rifampisini katika udongo wa msitu wa misonobari kusini mwa Ufaransa. Jamii ya dawa ambayo seftriaksoni ya sindano ni mjukuu wake ilianzia kwa ukungu uliookotwa kwenye mdomo wa bomba la maji taka katika kisiwa cha Sardinia! Allah (S.W.) huweka manufaa mahali ambapo sisi tunapita tumeziba pua.

Mkondo wa pili haukuanzia hospitali bali kwenye viwanda vya rangi. Mwaka 1932 Mjerumani Gerhard Domagk alijaribu rangi moja nyekundu kwa panya walioambukizwa bakteria, nao wakapona. Ajabu ni kwamba kwenye chupa ya maabara rangi ile haikuua kitu. Mwaka 1935 watafiti wa Paris wakagundua siri yake: mwili huivunja rangi, na kipande kinachobaki ndicho kinachoua. Kipande hicho ni salfa. Septrini ina mjukuu wa salfa ndani yake, na ile S ya SP ni mjukuu mwingine.

Kisa kingine cha mkondo huu kinatugusa zaidi. Wanakemia waliokuwa wakitengeneza klorokwini walipata taka ya pembeni. Walipoichunguza taka hiyo wakakuta inaua bakteria, na mwaka 1962 wakatangaza dawa iitwayo asidi ya nalidiksiki. Katika ukoo huo ndimo walimozaliwa siprofloksasini, ambayo wengi huiita sipro, na moksifloksasini. Kwa hiyo klorokwini, ingawa imestaafu katika malaria, imetuachia wajukuu.

Msidhani mikondo hii miwili haikutani. Ampisilini ya mwaka 1961 na amoksilini ya mwaka 1972 ni penisilini ya ukungu iliyobadilishwa kidogo na mikono ya wanakemia. Asili ilileta kiunzi, maabara ikakikamilisha. Na dawa mpya nyingi bado hupatikana hivyo.

KIFUA KIKUU NA KIBONG'OTO

Kwa sisi wa Mkoa wa Kilimanjaro, mfano wa karibu upo Wilaya ya Siha, katika hospitali ya Kibong'oto ambayo imekuwa ikihudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu mwaka 1926. Mwanzoni tiba ilikuwa hewa safi ya mlimani, chakula na mapumziko. Ikaja streptomaisini, na mara ikaonekana kuwa ikitolewa peke yake mgonjwa hupata nafuu kisha huugua tena, kwa kuwa wale bakteria wachache waliostahimili huongezeka. Suluhisho likawa kuchanganya dawa: bakteria akikwepa hii, anauawa na ile. Lakini mgonjwa alitakiwa kumeza dawa kwa mwaka mmoja na nusu. Majaribio makubwa yaliyofanyika Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia kuanzia mwaka 1970 yalikuwa miongoni mwa yale yaliyoithibitishia dunia kuwa miezi sita inatosha ikiwa rifampisini imo. Jambo hili halitajwi sana, na linastahili kutajwa, kwamba tiba inayotumika mabara yote ilipimwa kwa wagonjwa wetu wa Afrika Mashariki.

Kisha akaja mdudu wa kifua kikuu asiyesikia hata rifampisini. Tangu mwaka 2009 Kibong'oto ndiyo iliyoanza kuwatibu wagonjwa wa aina hii nchini. Tiba ya awali ilikuwa mtihani mzito: miezi 18 hadi 24, vidonge vingi kila siku na sindano kwa miezi kadhaa, na sindano zenyewe ziliwaacha baadhi ya wagonjwa wakiwa viziwi. Mtu anapona kifua, lakini adhana haisikii tena.

Mwaka 2012 dawa mpya iitwayo bedakwilini ikaidhinishwa Marekani. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza mchanganyiko wa dawa nne, bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini, kwa miezi sita, vidonge vitupu bila sindano. Zote nne zimeundwa maabara. Na ya nne, mkumbuke, ni kitukuu cha taka ya klorokwini.

MSWAKI, ASALI, TANGAWIZI NA MWAROBAINI

Hapa ndipo wanafunzi huuliza maswali mengi. Je, miti yetu haina dawa? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Allah hakushusha ugonjwa ila aliushushia na dawa yake. Na sisi tumezungukwa na neema. Upande wa nyika ya Mkomazi kuna miti ya utomvu na mswaki. Mamba Miamba kuna tangawizi inayojulikana nchi nzima. Mwarobaini umepandwa kwenye nyua. Na juu kabisa upo msitu wa Chome na kilele cha Shengena chenye mita zipatazo 2,460, sehemu ya safu ya Tao la Mashariki ambayo ina mimea na viumbe wasiopatikana kwingine duniani.

Tuanze na mswaki. Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba lau asingechelea kuutia umma wake uzito, angeliwaamrisha kupiga mswaki katika kila sala. Mti wake wataalamu huuita Salvadora persica, na huota katika nyika kame kama za kwetu. Mwaka 2011 watafiti waliofanya kazi nchini Sweden walitangaza kuwa mizizi ya mti huu ina mafuta makali yaitwayo benzili isothiosayaneti, ambayo yaliwaua haraka bakteria wa gramu hasi, wakiwemo wanaoharibu fizi na hata baadhi ya wanaoleta homa za tumbo. Hao ni wa kundi lile lile lililowaua watoto kule Muhimbili, na ni kundi gumu kwa sababu lina utando wa ziada unaozuia dawa nyingi kupenya.

Je, basi tutafune mswaki tuache seftriaksoni? Hapana, na sababu yake ndiyo kiini cha somo hili. Kuua bakteria kwenye sahani ya maabara ni rahisi. Jik inaua, siki inaua, maji ya moto yanaua. Hakuna anayemchoma mgonjwa sindano ya Jik. Ili kitu kiwe dawa ya bakteria walioingia kwenye damu, lazima kifike kwenye damu kwa kiasi cha kutosha, kikae humo kwa saa za kutosha, kimuue bakteria bila kuua ini wala figo za mgonjwa, na kila kidonge kiwe na kipimo kile kile. Mafuta ya mswaki yanafanya kazi mdomoni kwa sababu yanamkuta bakteria pale pale yakiwa makali. Yakimezwa, mambo ni mengine.

Ibn Sina aliliona jambo hili karibu miaka elfu moja iliyopita. Katika Kitabu chake cha Qanun aliweka masharti ya kuijaribu dawa, na mojawapo ni kuwa ijaribiwe kwa mwili wa binadamu, kwani linalotokea kwa mnyama huenda lisitokee kwa mtu. Kisa cha rangi nyekundu ya Domagk kinathibitisha hilo kwa upande wa pili: chupani haikufanya kitu, mwilini ikaponya.

Asali nayo imetajwa katika Sura An-Nahl kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu. Wanasayansi wamejifunza namna inavyofanya kazi kwenye jeraha. Sukari yake nyingi huwanyonya bakteria maji, ina uchachu, na kimeng'enya kilichowekwa na nyuki huzalisha kidogo kidogo haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile inayotoa povu ikimwagwa kwenye kidonda. Zipo hospitali duniani zinazotumia asali iliyosafishwa kwa vidonda na majeraha ya moto. Angalieni neno "iliyosafishwa". Asali ya kibuyu iliyochanganywa na sukari guru si kitu kimoja na hiyo, na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwani yaweza kuwa na mbegu za bakteria anayepoozesha watoto wachanga.

Tangawizi na mwarobaini vimepimwa katika maabara nyingi. Vinazuia baadhi ya bakteria, lakini kwa kawaida huhitajika kiasi kikubwa mno ukilinganisha na antibayotiki za kweli. Chai ya tangawizi ni njema kwa mafua, na mafua huletwa na virusi ambavyo antibayotiki haviwezi hata kidogo. Kwa hiyo mwenye mafua anayekunywa tangawizi amefanya busara kuliko anayenunua vidonge vya rangi mbili.

Wapo watakaosema kuwa tunaidharau tiba ya wazee wetu. Sivyo. Nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Chuo Kikuu cha Muhimbili kina taasisi nzima inayochunguza mimea. Dawa ya mseto yenyewe ina artemisinini, ambayo Bi Tu Youyou wa China aliitafuta kwa kupekua vitabu vya tiba vya kale vya nchi yake. Mwanzoni alichemsha majani kama kawaida na matokeo yakayumba. Kitabu cha kale kikamwelekeza kwenye maji ya baridi, akatambua kuwa joto linaharibu dawa, akatumia kimiminika kinachochemka kwa joto dogo. Akapata tuzo ya Nobel mwaka 2015. Alimheshimu mzee wa kale kwa kumpima. Mwaka 2011 sisi tulipanga foleni za magari kwa maelfu kwenda Loliondo kunywa kikombe, na wapo waliokuwa wameacha dawa zao hospitali kabla hakijapimwa kinatibu nini. Tofauti ya mambo haya mawili mwanafunzi aione mwenyewe.

Kuna jambo jingine juu ya msitu. Mikulo ya Chome imekatwa kwa magendo kwa miaka mingi kwa ajili ya mbao. Mti ukianguka tunahesabu mbao, lakini chini ya mizizi yake kuna udongo wenye bakteria na kuvu ambao hakuna aliyewahi kuwachunguza. Mwaka 2015 dawa iitwayo teiksobaktini ilitangazwa kutoka kwa bakteria wa udongo wa jimbo la Maine, Marekani, ambaye hapo awali hakuna aliyeweza kumuotesha maabara. Walimuotesha kwa kumrudisha ndani ya udongo wake mwenyewe, akiwa katika kifaa chenye vitundu vidogo. Inajulikana kuwa sehemu kubwa sana ya bakteria wa udongoni hawaoti kwenye sahani, kwa hiyo hazina ya Shengena bado imefungwa.

MBONA DAWA MPYA NI CHACHE?

Kati ya miaka ya 1940 na 1960 dawa zilikuja kwa mfululizo. Kisha zikapungua sana. Sababu moja ni kuwa vilivyo rahisi kupatikana vilishapatikana, na watafiti wakawa wanaokota vile vile mara kwa mara. Sababu ya pili ni fedha. Dawa ya shinikizo la damu mtu huimeza maisha yake yote, na antibayotiki huimezwa siku chache. Tena antibayotiki mpya iliyo nzuri, daktari mwenye busara huiweka kabatini kama akiba. Basi kampuni iliyoitengeneza itauza nini? Kampuni ya Achaogen ya Marekani ilipata kibali cha antibayotiki mpya mwaka 2018, na mwaka 2019 ikafilisika.

Hata hivyo matumaini yapo. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani waliifundisha kompyuta kutambua umbo la kemikali zinazoua bakteria, ikapekua maelfu ya dutu na kuchagua moja iliyokuwa imechunguzwa zamani kwa ajili ya kisukari. Wakaiita halisini. Mwaka 2025 gepotidasini, dawa ya aina mpya iliyoundwa maabara, iliidhinishwa Marekani kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Ugonjwa huo unatuhusu: utafiti uitwao HATUA, uliochunguza wagonjwa zaidi ya 7,000 wenye dalili zake Kenya, Uganda na Tanzania, mkoa wetu ukiwa mmojawapo, ulikuta bakteria wenye usugu kwa makundi kadhaa ya dawa kwa wingi. Lakini kutoka kibali cha Marekani hadi rafu ya zahanati ya Gonja au Hedaru ni safari ndefu.

KAYA 425

Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika kaskazini mwa Tanzania katika kaya 425 za Wamasai, Waarusha na Wachaga. Walichukua bakteria kutoka kwa watu, mifugo, mbwa, wanyamapori na maji, jumla yao 62,376. Wengi wangetarajia kuwa kaya zinazochoma mifugo sindano nyingi ndizo zenye bakteria sugu wengi. Haikuwa hivyo. Bakteria wa ng'ombe, wa mbwa na wa binadamu walionekana ni wamoja, wanazunguka. Kilichoonekana kuwa na uzito ni mambo ya maisha yanayowahamisha bakteria kutoka kiumbe kimoja hadi kingine.

Hii haina maana kuwa sindano za mifugo zitumike ovyo. Ng'ombe aliyechomwa dawa, maziwa yake yana siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa, na mfugaji azifuate. Lakini utafiti huu umeweka mbele jambo ambalo halihitaji kusubiri kampuni yoyote. Maziwa yachemshwe. Maji ya ndiva na mifereji, ambayo ng'ombe nao wanakunywa, yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywewa. Choo kijengwe mbali na chanzo cha maji. Mwanafunzi wa fiq'hi anayajua tayari: Mtume (S.A.W.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, ameagiza aamkaye aoshe mikono kabla ya kuitumbukiza chomboni, na ameagiza vyombo vifunikwe usiku. Tunayasoma katika mlango wa tahara tukidhani ni masharti ya sala peke yake.

DUKANI NA NYUMBANI

Tatizo la hapa kwetu ni kununua vidonge vinne vya amoksilini kwa kuwa fedha imetosha vinne. Daktari akiandika siku tano au saba, ni hizo. Utafiti wa karibuni umeonyesha kuwa kwa baadhi ya magonjwa siku chache zinatosha kuliko ilivyodhaniwa zamani, lakini wa kuzipunguza ni tabibu aliyekupima, si mgonjwa aliyeamka na nafuu siku ya pili. Usigawane dawa na ndugu yako mwenye "dalili kama zangu". Na wenye maduka wakumbuke mafundisho kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara anayosababisha. Mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 uliletwa ili muuzaji awe amefunzwa. Muulize kama amefunzwa, wala si utovu wa adabu.

Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2017 limezigawa antibayotiki katika makundi matatu: za kutumika kwanza, za kuangaliwa, na za akiba. Amoksilini imo katika la kwanza. Sipro na seftriaksoni zimo katika la pili, lakini mitaani zinaombwa kwa jina kama soda.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Bakteria mmoja akigawanyika kila dakika 20, watakuwa wangapi baada ya saa 4?
2. Kwa nini si sahihi kusema "mwili umeizoea dawa"?
3. Taja dawa mbili zilizotokana na udongo au ukungu, na mbili zilizoundwa maabara. Amoksilini utaiweka upande gani, na kwa nini?
4. Rangi ya Domagk haikuua bakteria chupani lakini iliponya panya. Mafuta ya mswaki yanaua chupani. Eleza tunajifunza nini kwa kuviweka pamoja.
5. Waulize wazazi nyumbani: maji ya kunywa yanatoka wapi, ni wanyama gani wanayatumia, na maziwa huchemshwa au la? Andika majibu uje nayo darasani.

Wabillahi tawfiq.